Kata Maji

Barua ya kumpangia kazi binti yangu ilifika Kirua Vunjo Jumanne, tarehe kumi Januari, mwaka sabini na nane. Ilipofika jioni mama yake alikuwa ameshaamua kwamba haendi.

Valeria alikuwa amemaliza mafunzo ya ualimu. Serikali ilitaka kila mtoto asome, kwa hiyo walimu wapya walitawanywa nchi nzima, na yeye aliangukia shule moja ya msingi kusini ya Kigamboni. Alitakiwa aripoti kabla ya Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu. Asiporipoti, nafasi anapewa mwingine. Mwenyewe alikuwa akitusomea barua ile kama anaimba, mstari kwa mstari, mpaka alipofika kwenye maneno ambayo mwalimu mkuu wa huko aliyaongeza chini kwa mkono wake, kwa nia njema kabisa: nyumba ya mwalimu ipo karibu na bahari, upepo ni mzuri.

Kornelia, mke wangu, alikuwa anachambua maharage. Aliweka ungo chini.

"Haendi."

"Mama!"

"Nimesema haendi. Muulize mjomba wako bahari ni nini."

Mjomba mwenyewe alikuwa amekaa pale pale jikoni, anakunywa chai. Thadeus ni mdogo wake Kornelia. Mwaka sabini na sita alikuwa utingo wa lori la kahawa. Walipofika Dar es Salaam, Jumapili yeye na wenzake wakavuka kwenda Kigamboni kuogelea, na bahari ikamchukua. Alipona, lakini alirudi amekonda, akaacha kazi ya lori, na tangu siku ile hakuingiza mguu kwenye maji kupita kifundo. Ukoo mzima ulikuwa na maelezo ya namna moja: bahari haiwapendi watu wa mlimani, ina kitu kinachowashika miguu.

Thadeus aligeuza kikombe mkononi. Aliangalia chai yake.

Mimi maelezo yale yalikuwa yananikera tangu mwanzo, kwa sababu Thadeus hakuwa mtu wa kuchezewa na maji. Alikulia kwenye nduwa yetu, yaani lile bwawa la juu ambamo maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, hukusanyika usiku, asubuhi tukayafungulia kwenda kwenye migomba na kahawa. Alikuwa anapiga mbizi upande huu anatokea upande ule. Na mimi ndiye mkuu wa mfongo ule. Nagawa zamu, naziba panapovuja, nakamata wezi wa maji. Nimefanya kazi hiyo tangu ndevu hazijaota. Maji yanaweza kukusumbua, lakini hayafanyi kitu bila sababu.

"Sisemi aende na sisemi asiende," nilimwambia Kornelia. "Kwanza nataka kujua ni nini kilichomkamata Thadeus."

"Ukishajua utakifanya nini? Utakikamata na wewe, kama wezi wako wa maji?"

"Maji ni maji, Mama Valeria."

"Yetu hayana chumvi," alisema, akachukua ungo wake.

Kesho yake ilikuwa siku ya kusafisha mfongo. Nilimpanga Thadeus karibu yangu makusudi. Alikuwa anafyeka nyasi za ukingoni akiwa amesimama pakavu, amenyoosha mkono kama mtu anayelisha mbwa mkali.

"Shemeji," nikamwambia, "nina swali moja tu. Ulivutwa chini au ulivutwa mbele?"

"Nilivutwa."

"Kwenda wapi?"

"Chini. Kila mtu anajua."

"Kila mtu hakuwepo. Kichwa chako kilikuwa ndani ya maji au nje?"

Akaacha kufyeka. Akafikiri, nikaona kabisa kwamba hakuwahi kuulizwa. "Nje," akasema polepole. "Nilikuwa naiona minazi. Ilikuwa inazidi kuwa midogo."

"Basi hukuvutwa chini. Ulipelekwa mbali."

"Mbali au chini, si kufa tu?"

"Si sawa. Anayekuvuta chini ana mikono. Anayekupeleka mbali ni mfongo tu."

Alinitazama kama nimelewa, lakini aliendelea kujibu. Nilimuuliza aliingilia mahali gani. Akasema kushoto mawimbi yalikuwa yanavunjika na kulia yanavunjika, meupe, yana kelele. Katikati palikuwa na kama njia iliyotulia. Hapakuwa na povu. Wenzake walikuwa wanaogopa mawimbi, yeye akawaambia njooni hapa penye utulivu.

"Maji ya hapo yalikuwa na rangi gani?"

"Yamechafuka kidogo. Mchanga mchanga. Na takataka zilikuwa zinaelea."

"Zinaelea zimetulia, au zinakwenda?"

Thadeus aliangalia nyasi alizokuwa amezikata. Zilikuwa zimeangukia kwenye mfongo na zinateremka mbele yetu, moja baada ya nyingine.

"Zilikuwa zinakwenda," alisema. "Zinakwenda baharini. Nilidhani ni upepo."

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwenye nduwa na jembe, ubao mmoja mpana na majani makavu ya mgomba. Valeria alikuja nami. Yeye alikuwa na haraka kuliko mimi, maana siku zilikuwa zinahesabika. Thadeus alikuja pia, akakaa juu ya jiwe, mbali na maji.

Swali langu lilikuwa jepesi. Wimbi linapanda ufukweni, lingine linalifuata, lingine tena. Maji yote yale yanayosukumwa nchi kavu siku nzima, yanarudi kwa njia gani? Hayawezi kurundikana kama mahindi.

Upande wenye kina kifupi nilijenga tuta la tope chini ya maji, sambamba na ukingo, hatua mbili kutoka nchi kavu. Ndivyo Thadeus alivyosema: mbele kidogo kulikuwa na fungu la mchanga ambapo mawimbi yalivunjikia. Katikati ya tuta nikaacha pengo la upana wa jembe. Kisha nikakunja suruali, nikaingia mpaka kiunoni, nikaanza kusukuma maji kwa ubao kuelekea ukingoni.

Wakati huo akapita Eliufoo, jirani yangu wa bondeni, anakwenda kuangalia zamu yake.

"Jamani! Mkuu wa mfongo amerudi chekechea!"

"Pita, Eliufoo."

"Sipiti. Nataka kuona kama utalia ukitolewa." Akaketi karibu na Thadeus, akatoa ugoro.

Nilisukuma mawimbi mpaka mabega yakauma. Maji yalipanda juu ya tuta, yakavunjika, yakajaa kati ya tuta na ukingo. Valeria akadondosha kipande cha jani pale nyuma ya tuta, karibu na nchi kavu. Jani likasitasita. Likatembea kando kando ya ukingo, taratibu, mpaka likafika usawa wa pengo. Hapo likashikwa. Lilipita lile pengo kwa kasi, likatoka nje upande wa kina kirefu.

"Limechukuliwa," alisema Valeria.

"Weka lingine."

Akaweka lingine, na la tatu, na la nne. Yote yalipita pale pale. Juu ya tuta mawimbi yalikuwa yanapiga kelele, na kwenye pengo palikuwa pametulia, maji yametiwa tope kidogo, yanakwenda nje kimya kimya. Nilisahau ubao. Miaka thelathini na kitu nimefungua na kufunga milango ya maji, na sikuwahi kufikiri kwamba bahari nayo ina milango, tena inaifungua kwa kazi yake yenyewe.

"Usiache, Baba, sukuma!" Valeria alikuwa amepiga magoti kwenye tope, gauni na yote. "Angalia lile la kwanza!"

Lile jani la kwanza lilikuwa limetoka nje ya pengo kiasi cha hatua moja. Hapo nguvu ya maji ilikuwa imekwisha. Halikuzama wala halikwenda mbali zaidi. Likayumba kando, kwenye usawa wa tuta, na nilipoendelea kusukuma, mawimbi yangu yakalipanda, yakalipitisha juu ya tuta, yakalirudisha ukingoni.

Hata Eliufoo alifunga ugoro wake, akainama kutazama. Kwa Eliufoo hilo ni jambo kubwa.

Thadeus alikuwa amesimama. Sikumwona alipoteremka kwenye jiwe.

"Mimi nilikuwa napanda," alisema.

"Unapanda nini, mjomba?"

"Mfongo. Nilikuwa naogelea kurudi ufukweni, kwenye minazi. Kumbe maji yanateremka kutoka huko huko. Nilikuwa naogelea kupandisha mfongo." Akafuta uso. "Nilipigana mpaka mikono ikafa."

"Kwa nini hukuyaachia?"

Akanijia juu. "Niyaachie? Kalisti, wewe ulimwona nani akayaachia maji hapa? Tangu tunatambaa tunaambiwa, maji yakikuchukua pigana, shika mzizi, shika jiwe, usiteremke nayo! Ukiteremka unaishia kwenye maporomoko!"

Ni kweli. Kwetu hakuna mtoto asiyeambiwa hivyo. Mito yetu inateremka kwenye miamba, na kila mto una mahali pake ambapo wametolewa watu wasiofaa hata kuangaliwa. Mtu wa mlimani anajua kitu kimoja kuhusu maji yanayokwenda: mwisho wake ni shimo. Baharini hakuna shimo. Lakini nani angemwambia?

"Zaidi ya wenzako, hakukuwa na mtu mwingine pale ufukweni?" nikauliza.

Thadeus aligeuza uso. 

"Alikuwepo mama mmoja na binti zake wawili, wanaokota kome. Walinicheka."

"Walikucheka unakufa?"

"Walinidhihaki. Yule mama alikimbia kando ya maji, anapunga mikono, anapiga kelele. Kata maji! Kata! Kata maji!"

Eliufoo alicheka mpaka ugoro ukamtoka. "Labda alikuwa anataka mbege! Mpeleke mtu wa Kirua baharini, mwambie kata, atageuka tu, akidhani kata ya pombe imekuja imejaa!"

Mimi sikucheka. Kwetu neno hilo tunalisikia kila siku ya Mungu. Zamu yako ikiisha, wa chini anakupigia kelele, kata maji! Maana yake funga mlango, ziba, maji yaende kwa mwingine. Mimi mwenyewe nimelipigia kelele mara nyingi kuliko nilivyosema Baba Yetu.

"Sasa fikiri," alisema Thadeus. "Unakufa, na mtu amesimama pakavu anakuambia ufunge bahari. Nilimchukia yule mama kuliko yale maji. Miaka miwili nimemchukia. Ndiyo maana sikumsimulia mtu. Ningeanzaje?"

Valeria aliinuka, tope linamchuruzika magotini.

"Mjomba," alisema, "chuoni nilikaa chumba kimoja na msichana wa Pangani. Kwao kukata maji si kuyafunga. Ni kuyapita kwa ubavu. Kukatiza. Yule mama alikuwa anakuambia utoke kwa pembeni."



"Alikuwa anapunga mikono namna gani?" nikauliza.

Thadeus akanyoosha mikono yote miwili upande wa kushoto, akaisukuma hewa. Mara moja, mara mbili. Halafu akabaki ameinyoosha vile vile, akiitazama.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipokaa sawa kichwani mwangu, na nikawaeleza kwa fimbo kwenye tope. Mto una kingo mbili. Ukitaka kutoka mtoni huogelei kwenda kwenye chanzo chake, unaogelea kwenda ukingoni. Kosa la Thadeus lilikuwa kudhani ufukwe ndio ukingo. Ufukwe ulikuwa chanzo. Kingo za mfongo ule zilikuwa kushoto na kulia, pale penye mawimbi meupe aliyoyaogopa. Angekwenda sambamba na ufukwe hatua thelathini, arobaini, angekuwa nje ya maji yanayokwenda, na mawimbi yangemrudisha kama lile jani.

"Na asiyejua kuogelea?"

Tuligeuka wote. Kornelia alikuwa amesimama juu ya ukingo na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Nimesikia," alisema. "Thadeus anajua kuogelea. Valeria hajui. Watoto wa kike hamkuwaruhusu kwenye nduwa, mlisema watachafua maji. Haya. Asiyejua kuogelea atakata nini?"

Valeria aliangalia miguu yake. Nilimwona anahesabu siku na mimi nikazihesabu: kumi zimebaki.

Aliyejibu ni Thadeus. "Dada, hata mimi sikukata. Nilichoka. Nikalala chali, nikasema Mungu pokea roho yangu. Na nilipolala, maji yalinibeba tu. Hayakunizamisha. Yakanitoa nyuma ya mawimbi, yakaniacha hapo kama mzigo. Nikaelea. Nikainua mkono. Ndipo vijana wa pale pwani wakanifuata na mpira wa gurudumu la lori." Akaitazama mikono yake. "Kupigana ndiko kulikotaka kuniua."

Kornelia aliutua mzigo wake. Alikaa juu yake.

"Basi mfundishe kulala," alisema.

"Mimi?"

"Kwani nani alilala baharini, mimi?"

Hivyo ndivyo Thadeus alivyorudi kwenye maji. Aliingia hatua kwa hatua, ameuma meno, mpaka tumboni. Jumamosi alasiri, mlango wa nduwa ukiwa umezibwa vizuri nami nimesimama juu yake, Valeria aliingia na gauni kuukuu, na mjomba wake akamwekea kiganja chini ya mgongo. Maji yetu yanatoka mlimani. Ni baridi ya kukufanya usahau jina lako. Kornelia alikaa ukingoni na rozari, kwa sababu saa hatuna, akasema atamhesabia.

Siku ya kwanza Valeria alielea Salamu Maria tatu, akazama, akaibuka anakohoa. "Umeshika pumzi kama mwizi," Thadeus akamwambia. "Jaza kifua. Angalia mawingu. Tumbo juu!" Jumatatu akafika kumi moja zima la rozari, Salamu Maria kumi. Alhamisi kiganja hakikuwepo chini yake tena, na alimaliza makumi mawili midomo ikiwa ya buluu. Kornelia aliendelea kusali bila kumtazama, lakini kila alipofika kwenye Amina alitupa jicho moja.

Eliufoo alipita siku zote. Siku ya mwisho alimwambia Kornelia, "Mama Valeria, mwache sasa, mtoto atapanda basi la Dar akiwa barafu."

"Bado Salve," alisema Kornelia, akaisali yote sala ile ya kufunga rozari.

Jioni ile alitoa masharti yake, amesimama mlangoni. Kuelea ni kwa siku ya hatari, si ruhusa ya kwenda kucheza. Maji yasipite magoti. Asiingie peke yake hata kama ni kunawa. Asiingie mahali popote kabla hajamuuliza mwenyeji, na mwenyeji akimpigia kelele neno asilolielewa, atoke kwanza ndipo aulize maana. Akiona mtu mwingine amechukuliwa, asijitupe kumfuata. Aite watu, atafute kitu kinachoelea, akitupe. Hilo la mwisho lilitoka kwa Thadeus, kwa sababu ya ule mpira.

"Na wewe utampeleka," Kornelia alimwambia mdogo wake. "Umwonyeshe mahali penyewe."

"Mpaka mchangani," alisema.

"Mpaka mchangani."

Waliondoka Ijumaa na basi la asubuhi kutoka Moshi mjini. Kornelia hakulia stendi. Alimwambia Valeria afunge kamba ya sanduku vizuri, basi.

Thadeus alirudi Jumatano iliyofuata. Alikuja moja kwa moja kwetu na vumbi la safari, akaketi, akaomba maji ya kunywa, na mimi nikaketi mbele yake.

"Umeuona mfongo wako?"

"Shemeji, nilidhani ni mmoja. Iko mitatu!"

Alisimulia kwamba mwalimu mkuu aliwapeleka kwenye jabali, wakaangalia kutoka juu, maji yanapwa. Kutoka juu kila kitu kinaonekana: mistari myeupe ya mawimbi, na katikati yake vichochoro vyenye rangi ya mchanga, povu linateremka ndani yake kwenda mbali. Watoto wa shule wanavijua, hawaogelei hapo. Alimtafuta yule mama wa kome, hakumpata. Kila aliyemuuliza alimjibu, mama yupi, huku wote tunaokota kome.

"Jumapili tukarudi tena pale pale," alisema. "Kichochoro cha katikati hakipo."

"Hakipo vipi?"

"Kimehama. Kimekwenda karibu na mwamba. Mwalimu anasema fungu la mchanga likihama, na mlango unahama. Usiamini pa jana."

Nililiwaza hilo. Mlango wa maji usiokaa mahali pamoja! Mimi ninautunza mmoja, na ukisogea shibiri moja tu kijiji kizima kinanijia juu. Nikamuuliza kama unahama kila siku, au mwezi ukiandama. Nikamuuliza maji yakijaa inakuwaje, na mvua kubwa inafanya nini. Thadeus hakujua. Nikamwambia tutamwandikia Valeria, yeye ana macho na ana kalamu.

Kornelia muda wote huo alikuwa amekaa nyuma yetu. Nilijua anangoja nimalize ya kwangu.

"Huko wanakula nini?" aliuliza.

"Wali na samaki, dada. Ndizi zao ndogo ndogo. Wanazipika na nazi na sukari."

"Ndizi na sukari," alisema Kornelia, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Akasimama, akaenda nje kutafuta gunia.